Sahihi ya Mkono wa Kushoto

Ko, ko, ko. Fimbo ilisikika sakafuni muda mrefu kabla mlango haujafunguliwa, kisha akatokea Mzee Kibwana, golikipa aliyewahi kuunyamazisha uwanja mzima.

Faraji alimwamkia, akakunjua jezi ya kijani. “Mke wangu aliifua bila kujua, mzee. Sahihi yako imebaki mkia tu. Jumamosi klabu inafungua kabati la kumbukumbu, na kamati imesema jezi isiyo na sahihi haiingii. Naomba uirudishie kama ilivyo kwenye picha hii.”

Mzee aliitazama picha, akacheka. “Mkono ulioandika hivi umepooza, mwaka wa pili sasa. Ukitaka ifanane, nenda kwa mchora mabango. Ataniiga vizuri kuliko mimi.”

Akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Hakuugusa ule mkia uliobaki. Aliandika chini yake, herufi mojamoja, kama mtoto wa darasa la kwanza, akaweka na tarehe ya siku ile. Jasho lilimtoka.

“Watasema ni ya kughushi,” Faraji alisema, machozi yakimlengalenga.

“Waache waseme. Mkeo mfikishie shukrani zangu. Asingeifua, nani angekuja kunibishia hodi?”

Faraji aliupuliza wino ukauke, kisha akaushika ule mkono uliopooza kwa mikono yake miwili.

“Jumamosi nitakuja kukuchukua, mzee,” alisema. “Utaiweka kabatini wewe mwenyewe, kamati nzima ikikutazama.”