Viatu Vilivyotundikwa

Asubuhi hiyo, alipoamka nyumbani kwa rafiki yake wa zamani kijijini Mnyuzi, mzee Semboja alivikuta viatu vyake vimetundikwa ukutani kwa ukambaa wa mgomba, majani ya kivumbasi yameshindiliwa ndani.

Alikwisha kustaafu upelelezi katika serikali ya Mjerumani, lakini bado alimsaka muuaji wa wachuuzi wa relini. Maiti wote watatu walikutwa peku, viatu vyao vimetundikwa hivyo hivyo, na kivumbasi ndani.

“Nge wasiingie, ndugu yangu,” mwenyeji wake alicheka. “Umesahau? Enzi zile za misafara, nani alikutunzia viatu?”

Angesahauje? Ni huyu aliyembeba mgongoni homa ilipomwangusha njia ya Handeni.

Semboja alipokea bakuli la uji kwa mikono miwili. Ulitiwa asali, kama zamani.

“Kunywa kwanza,” rafiki yake alisema, “halafu uniambie unamtafuta nani huku kwetu.”