Chini ya Mia Saba

Mara ya kumi na moja tangu asubuhi, Kalolaine aliandika maneno yaleyale kwa kidole chenye utomvu wa majani ya mkeka: Nuku'alofa hadi Auckland, mtoto mmoja, tarehe kumi na tatu Julai. Duara dogo likazunguka kwenye kioo cha simu. Alibana pumzi mpaka lilipotulia.

Dola mia sita na kumi za New Zealand.

"Bado," alijisemea, akafuta, akaandika upya.

Mdogo wake, Veisinia, alikuwa amempigia Jumapili baada ya ibada. Aliongea harakaharaka kama mtu anayeogopa simu itakatika. Huko Auckland alikuwa amepata nyumba yenye chumba cha pili. Shule ilikuwa imekubali. Mke wa mchungaji alikuwa anasafiri tarehe kumi na tatu na angemshika mtoto mkono mpaka mwisho wa safari. Kilichobaki ni tiketi ya binti yake, Lesieli, na mshahara wake wa kiwanda cha nyama huingia Alhamisi.

"Nina mia saba, dada. Zaidi ya hapo sina hata senti. Mimi siwezi kuangalia bei tena, watu wa ndege wameshanijua. Mwanzo ilikuwa mia tano na tisini, nikarudiarudia, ikafika mia sita. Niangalizie wewe, lakini mara moja tu kwa siku. Ukizidisha, wanapandisha."

"Yaani kule kuangalia tu ndiko kunakopandisha?"

"Kazini kila mtu anasema hivyo. Tafadhali, dada."

"Nimesikia, mdogo wangu."

Lesieli alikuwa na miezi minne Veisinia alipomwacha hapa Tonga akaenda New Zealand kutafuta kazi. Sasa alikuwa na miaka saba na pengo mbele. Kalolaine ndiye aliyemwita mama; Veisinia alimwita mama wa kwenye simu. Begi lake lilikaa mlangoni tangu Jumatatu. Kalolaine alilipanga mwenyewe, akalipangua, akalipanga tena.

Jumanne bei ilifika mia sita na arobaini. Jumatano salio la simu likaisha, na Kalolaine akaenda dukani kwa Manase.

"Niazime simu yako kidogo."

"Tiketi tena?" Manase aliitoa mfukoni, akacheka. "Mama Lesieli, hicho kidole kitaota sugu. Unajiharibia mwenyewe. Wale jamaa wakiona mtu anarudirudi, wanasema huyu kanasa, mkamueni."

"Acha kumtisha mwenzako," alisema Vika, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akichagua nyama ya kopo. "Bei inapanda kwa sababu viti vinaisha. Hayo mengine ni maneno ya mitaani."

"Wewe umepanda ndege lini?"

"Na wewe je? Ulivyotapika kwenye boti ya kwenda kisiwa cha Vava'u, ndege utaiweza?"

Kalolaine alimgeukia mwalimu.

"Sasa nimwamini nani?"

"Hakuna anayejua, dada yangu. Wao wenyewe hawasemi."

Kalolaine alifikiri kidogo. "Basi niazime na yako."

Mpaka jua linazama alikuwa ameshaazima simu sita. Watu walianza kumwonea huruma. Mwenzake wa kwaya alimshika bega, akamwambia atulie, Mungu atafungua njia. Kalolaine akaitikia amina, kisha akaomba simu.

Alhamisi asubuhi ilikuwa mia sita themanini na nane. Saa nne, hivyohivyo. Saa tano, hivyohivyo. Alikuwa hajala chochote. Alisuka mistari miwili ya mkeka, yote ikaenda upande, akaifumua. Aliizunguka nyumba, simu yake mkono mmoja na ya jirani mkono mwingine, akiandika huku, akisubiri kule, miguu haitaki kutulia. Sufuria ya majani ya mkeka ilifurika jikoni ikazima moto, wala hakugeuka.

Saa sita na nusu duara lilizunguka muda mrefu kuliko siku zote.

Mia saba thelathini na moja.

Alikaa kizingitini. Akaangalia tena kuhakikisha. Mia saba thelathini na moja. Simu ikalia mkononi mwake.

"Dada, mshahara umeingia," Veisinia alisema. Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma. "Niambie."

Kalolaine alimwambia.

Veisinia akauliza, taratibu, "Uliangalia mara moja tu kwa siku?"

"Mara moja tu."

"Nimeshamnunulia kitanda, dada." Sauti ilikatika, akajikaza. "Basi. Sina namna. Mke wa mchungaji atakuja tena Januari, aje naye. Ataanza mwaka wa shule pamoja na wenzake."

"Januari ni vizuri."

"Usimwambie kwamba nimelia."

"Simwambii. Pole, mdogo wangu. Pole sana."

Lesieli aliporudi kutoka shule, Kalolaine alikuwa anakula kwa mara ya kwanza siku hiyo, sahani ya pili ya magimbi na tui. Alimpakulia mtoto, akamngoja amalize, kisha akamkalisha katikati ya magoti yake, akamfumua nywele na kumsuka upya bila haraka. Alipomaliza hakumwachia. Alivuta simu, akaandika: Nuku'alofa hadi Auckland, mtoto mmoja, Januari.

Dola mia nne na themanini.

Rahisi mno. Kalolaine alikunja miguu vizuri, akaanza kazi: akafuta, akaandika upya.