Kitambaa cha Farasi wa Buluu

"Enyi wananchi watukufu, bustani yetu ya michezo imefunguliwa tena kwa usalama usio na kifani!" meneja alitangaza, kisha akakohoa, na foleni nzima ikarudi nyuma.

Mzee Shaweji alikuwa akipangusa farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka kwa dawa ya kuua viini. Baadhi walifungwa kitambaa chekundu wasipandwe, ili watu wasikaribiane. Akakuta kitambaa kwa farasi wa buluu, ambaye yeye hakumfunga, farasi ambaye mkewe alimpanda kila Idi kabla ugonjwa haujamchukua.

"Nani kamkumbuka Mwanakombo wangu?" aliuliza, barakoa ikilowa machozi.

Nikatoka kwenye foleni.

"Ni mimi, babu," nikasema. "Lakini sikumkumbuka. Nilikihamishia hapo ili dada yangu amkose farasi anayempenda."

Mzee akakaza fundo, akawasha mashine. Farasi wa buluu akaanza kuzunguka, mgongo mtupu.