Leso ya Uzi wa Kijani

Mwahija alivua makubadhi mlangoni mwa kanisa la Lindi, kama avuavyo kwenye makaburi ya masharifu. Romana, jirani yake Mkristo, akamvuta ndani.

Sanamu ya mtakatifu waliiacha Wajerumani, Waingereza hawakuigusa. Kanisani kulikuwa shwari, lakini joho lake la mbao lilipeperuka, utadhani kusi inamvumia yeye peke yake.

Mwahija alitoa kitambaa cha nadhiri ya mtoto wake mgonjwa.

"Sisi hatufungi vitambaa, shoga," alisema Romana. "Lakini wewe funga tu. Mbona mwenzio amekutangulia?"

Mguuni mwa sanamu palikuwa pamefungwa leso nyeupe, imepindwa kwa uzi wa kijani. Mwahija aliipinda mwenyewe Ramadhani iliyopita, uzi mweupe ulipomwishia.

Mumewe, mwalimu wa Kurani, alisema leso yake hiyo imepotea msikitini. Na jana tu aliapa kwamba mke akikanyaga kanisani, asirudi nyumbani kwake.

Mwahija hakujua acheke au alie. Alitazama mlango, akatazama ile leso.

Fundo lilikuwa limelegea. Aliweka kitambaa chake chini, akaanza kulikaza.