Mgeni wa Kamati ya Maji

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026. Ukungu uliondoka mapema mlimani Sagalla, jua likatoka kali, na upepo ukaanza kupuliza vumbi kabla chai haijachemka.

Mzee Elijah alikuwa ameshavaa koti. Gavana alikuwa ameahidi kumtuma mtu wa ofisi yake aje siku hiyo asikie kilio cha maji, na kamati ikamchagua Elijah aseme. Nani mwingine? Ni yeye aliyesoma masomo ya jioni ya uraia kanisani, pamoja na mvi zake, mpaka akazijua kazi za gavana kumshinda gavana mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyoamini. Jana alishinda amefunga, akiomba ulimi usimwangushe, maana visima vilikuwa vimekauka na ng'ombe walikuwa wameanza kufa.

Binti yake Shanice alipiga simu kutoka Voi. Hakuipokea. Mkewe, Wakesho, alitaka kumnong'oneza jambo. Akamwambia mambo ya serikali hayanong'onwi.

Gari likafika uani, kamati ikiwa imeshaketi. Akashuka kijana mwenye suti mpya, jasho likimtiririka, na nyuma yake wazee wawili wamebeba sukari na unga. Elijah akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Lini serikali ilikuja Sagalla na mzigo mkononi?

Kijana alipofungua mdomo, Elijah alimtuliza. "Kula kwanza, mwanangu. Hapa kwetu mgeni haulizwi jina wala shida na tumbo tupu."

Wakala. Elijah akaomba sala ndefu, kisha akasimama mbele ya kamati yake na kutaja wanachotaka: maji mpaka mlangoni kwa kila mtu, barabara ya kupanda hadi kanisani, zahanati yenye dawa. Polisi hakuwataka, akaeleza, maana hao ni wa serikali ya Nairobi, si wa gavana. Yeye si mjinga wa kuomba kisichohusika. Kamati ikatikisa vichwa kwa fahari. Wakesho peke yake alikuwa ameinamia kanga yake, mabega yakimcheza.

Wageni wakanong'onezana kwa Kikamba, kwa muda mrefu. Mzee mmoja akauliza kwa adabu kama ile zahanati haiwezi kupunguzwa iwe mbuzi kadhaa.

Elijah alikasirika. Hongo, mchana kweupe, na kwa mbuzi.

"Hatupunguzi kitu," alisema. "Hatununuliwi sisi. Kijana, simama utoe ahadi mbele ya mashahidi."

Kijana akasimama, akajifuta jasho.

"Baba, mama, na wazee wote. Mimi Maxwell Katuku, fundi wa kuziba pancha pale Miasenyi, naahidi mbele yenu: maji nitachimba kwa mikono yangu, barabara nitalima kwa jembe, na ya zahanati nitaanza kuweka akiba Jumatatu, mradi tu mnipe Shanice."