Kidole cha Mwenye Simu

Tangu simu ile mpya itangazwe, Msellem alikuwa akiiponda kila siku kwa kinyozi: betri haina maisha, kamera mbwembwe tupu, masasisho yanatafuna bando kama mchwa. Lakini jirani yake Fakhi alipoingia nayo, ingali ndani ya boksi, roho ilimuuma Msellem.

“Mtaalamu wetu, hebu niwashie,” Fakhi akasema, kisha akakaa kunyolewa ndevu.

Msellem akaibandua nailoni polepole. Ilipowaka, simu ikataka alama ya kidole cha mwenyewe. Akamtazama Fakhi, aliyefumba macho chini ya wembe, akaweka chake.

“Tayari,” akasema, akimkabidhi simu Fakhi aliyekwisha kunyolewa.

Fakhi akabonyeza, akabonyeza tena. “Mbona inanikataa?”

“Si nilisema simu hizi hazifai?” akajibu Msellem, kidole gumba amekifumbata ndani ya ngumi.