Sikio la Nthiwa

Nthiwa aligonga gurudumu kwa nyundo, likalia kama kengele ya kanisa. Chuma kizima, hakina ufa. Katika karakana ile ya reli, mwaka 1972, sikio la Nthiwa ndilo lililokuwa sheria.

Siku hiyo alikuwapo binti aliyetumwa kutoka Chuo Kikuu. Alipaka grisi palepale nyundo ilipogonga, akapitisha kidude cha mashine yake mpya ya kupima chuma kwa mawimbi ya sauti. Kwenye kioo cha mashine, mstari uliokuwa umenyooka ukaruka.

"Mzee, kuna ufa ndani."

Nthiwa akagonga tena. Kengele ileile, tamu. Akatazama kioo, mstari ukaruka vilevile. Mafundi waliacha kazi wakingoja amfukuze binti.

Mpini wa nyundo ulikuwa umelika kwa kufuata kiganja chake. Aliushika kitambo, kisha akapiga moyo konde na kuiweka nyundo chini. Akatoa chaki, akachora msalaba mkubwa kwenye gurudumu, alama ya gurudumu lisilofaa tena.

"Magurudumu niliyopitisha asubuhi yamo kwenye treni ya Kisumu," alimwambia msimamizi wa karakana. "Piga simu stesheni ya Naivasha. Treni isitoke hapo mpaka mimi na huyu binti tufike."

Akainama, akaibeba mashine mwenyewe.